Klachi Iliyoteleza Kimihurura

Klachi ya gari letu ilianza kuteleza kwenye mlima wa Kimihurura. Injini ilinguruma, gari likasogea kwa shida, harufu ya kuungua ikajaa ndani. Mke wangu ndiye aliyekuwa anaendesha. Mimi, niliyejifunza udereva Tanzania nikajiona bingwa, nilimfokea mbele ya watoto kwamba ameiunguza kwa kulaza mguu kwenye pedali. Tulipofika nyumbani Kagarama aliweka ufunguo mezani, na hakuugusa tena.

Nami kwa ukaidi nikaliacha gari uani, ili aone alichokifanya. Alipoanza kuugua, hospitali alikwenda kwa pikipiki.

Miezi minne baada ya kumzika, nilimleta fundi kutoka Muhima. Nilimwambia mke wangu ndiye aliyeharibu klachi. Hata marehemu sikumwacha apumzike.

Fundi alivuta hendibreki, akaingiza gia ya nne, akaachia klachi. Klachi ingekuwa nzima, injini ingezima. Haikuzima. "Pleti ya klachi inateleza," alisema, nami nikaitikia kwa kichwa kama mshindi. Kisha akashusha giaboksi, akanionyesha pleti. Ilikuwa imelowa oili.

"Mzee, hii si mguu ya mtu. Sili ya injini iko inavuja, oili inaingia kwa pleti. Hata wewe ungeendesha, ingeteleza."

Alifuta mikono kwa kitambaa, akatabasamu.

"Mwambie mama hana kosa."

Nikamjibu kwamba nitamwambia.