Pale mstari wa Kenya ulipopanda

Nimemliza baba leo, kwa grafu tu.

Nilikuwa sebuleni kwetu Molo nikifanya mazoezi ya presentation ya chuo: vile Kenya na Tanzania zimekuwa zikiagiza rojo la miti la kutengeneza karatasi, mwaka baada ya mwaka.

Baba alikuwa kwenye kochi; nilidhani amesinzia.

"Hapo Kenya inaanza kupanda," akasema, "ndio kiwanda chetu cha karatasi kilifungwa."

Hajawahi kuniongelesha juu ya kazi yake ya kiwandani.

"Nilirudi nyumbani na begi moja, nikiogopa kuingia. Mamako akanipokea mlangoni, akaniambia ana mimba yako."

Akapangusa macho, akacheka.

"Rudia tena, mum," akaniambia, vile hupenda kuniita. "Polepole."

Nimerudia mpaka chai ikapoa.

Jumatano anakuja chuoni kunisikiliza. Wanadarasa, mtamwekea kiti cha mbele?