Bi Msasa na Vijiti vya Bawani

Karakana nzima tulimwita Bi Msasa, na jina lilimkaa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa mabawa ya ndege, na kipande cha msasa hakikukosekana mfukoni mwake hata siku ya harusi yake. Bwana harusi ndiye aliyekigundua.

Kazi asiyomwachia mtu mwingine ilikuwa ya vijiti vyembamba vinavyochomoza nyuma ya bawa. Ndege ikisuguana na vumbi na mawingu hujaa umeme, na vijiti hivyo huuvujisha hewani kidogo kidogo. Umeme usipovuja huruka wenyewe, redio ikanguruma hadi rubani asisikie kitu. Kwa hiyo kila kijiti lazima kiguse chuma kitupu. Bi Msasa alikwangua rangi mpaka chuma king'ae, nasi tukimtania kwamba iko siku atatoboa bawa.

Asubuhi hiyo ndege ndogo ilitoka kupakwa rangi. Rubani wake alikuwa mdogo wa mwisho wa Bi Msasa, aliyemlea mwenyewe baada ya mama yao kufariki. Alisimama mlangoni akichezea kofia.

"Dada, fanya hima. Mawingu yatafunika vilima."

"Haraka ya nini? Unakwenda kuposa?"

"Nikichelewa, leo siruki."

Bi Msasa akavifunga vijiti vyote kumi, akavihesabu kwa kidole, akatia sahihi. Nilikuwa pale pale, macho yangu mawili, na sikusema neno. Najilaumu hadi leo.

Saa sita mchana, ndege ikiwa imesharuka, Bi Msasa alikwenda kunawa. Akatazama mikono yake, akaganda. Kila siku kucha zake zilijaa unga wa rangi. Siku hiyo zilikuwa safi. Akatia mkono mfukoni, akatoa msasa mpya, haujakunjuliwa.

"Nimevifunga juu ya rangi," akaniambia.

Tulikimbilia chumba cha redio. Mwongozaji wa ndege alikuwa akimwita rubani apande juu, maana upepo ulimsukuma kuelekea vilimani. Spika ilikuwa inakwaruza tu. Kisha sauti ya mdogo wake ikapenya, imekatikakatika:

"Sisikii kitu. Niko ndani ya wingu. Kama dada yupo hapo, mwambieni asihangaike. Vijiti kavifunga mwenyewe."

Bi Msasa alimpokonya mwongozaji kipaza sauti. "Panda juu, mdogo wangu! Panda!" Aliita mpaka sauti ikamkauka, na spika ikaendelea kukwaruza.