Ni Mimi Mama Yako Mzazi

Enzi hizo mtandao ulikuwa mmoja tu, Barazani, na usipokuwemo ni kama hujazaliwa. Harusi zilitangazwa humo, ugomvi ukamalizikia humo. Mama Pindo, fundi cherehani wa wateja wanene wasiotaka kuambiwa wamenenepa, alinunua simu ya kupangusa kwa sababu moja: bintiye wa pekee alikuwa ameajiriwa mapokezi ya hoteli, mji wa mbali, na picha zake zilikuwa humo.

Siku ya kwanza akamkuta mtoto kapiga picha na wenzake, suti nyeusi, meno nje. Akaandika chini yake kama alivyozoea kuandika barua: "Mwanangu hujambo. Sisi hatujambo. Yale mapunye yameisha? Usiache kupaka dawa. Ni mimi mama yako mzazi."

Hoteli nzima ikasoma. Binti akapiga simu analia.

"Mama, ile si barua! Kila mtu anaona!"

"Waone. Kwani mapunye umeiba?"

Tusimwonee, hakuwa peke yake. Mashangazi walijaa humo, wajomba wakajaa, walimu wa zamani wakaja kusahihisha tahajia, na wauza dawa za kurefusha kimo wakafuata palipo na watu. Vijana hawakugombana na mtu. Walitoka mmoja mmoja, kama mgeni anayetoka nje kupokea simu asirudi. Wenye Barazani, badala ya kujiuliza kulikoni, wakaongeza matangazo. Ukifungua leo unakuta magodoro, na unakumbushwa siku ya kuzaliwa ya marehemu. Inauma, na inaudhi.

"Wamehamia Chapchap," alisema fundi simu, jirani wa kibanda cha Mama Pindo. "Si kwamba ni nzuri kuliko Barazani, mama. Ni kwamba nyinyi hamjafika."

Mama Pindo akamsihi amwingize. Fundi simu alijikuna kichwa, kisha akamwingiza.

Binti alikuwepo. Kasimama ubavu dirishani, mkono kiunoni, tumbo limejaa. Mimba! Na kwenye simu kila siku ni "mzima mama, niko kazini," halafu kimya. Mama Pindo alilia palepale, furaha na hasira kwa mpigo. Akaandika habari za uji na za kulalia ubavu wa kushoto, akafuta. Akaandika tena, akafuta yote. Akaacha alama ya moyo tu. Hata kujitaja kuwa mama hakujitaja.

Kesho yake ukurasa wa binti haukufunguka.

"Mtandao umekatika?"

Fundi simu akaangalia, akakohoa. "Mtandao upo. Amekufungia, mama."

"Na wengine wanaona?"

"Wanaona."

"Hebu nitazamie kwako."

Akafungua simu yake. Palikuwa na picha mpya, na chini yake binti kaandika: "Jamani, mama kanifuata hadi huku. Tunahamia wapi?" Marafiki walikuwa wameshamtajia mtandao mwingine. Fundi simu akaugeuza mgongo wa simu upande wa Mama Pindo.

"Mzima," akasema. "Anacheka."

"Na tumbo?" Futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake, na mteja alikuwa anamsubiri. "Limeshuka, au bado liko juu?"

Fundi simu akakitazama tena kioo.

"Mambo hayo siyajui, mama," akasema, akaizima simu.