Sindano na Mkia wa Dunia

Kibanda chetu cha kupimia sumaku ya dunia hakikuwa na msumari hata mmoja wa chuma. Kuta zilikuwa za mawe, mlango wa mninga, bawaba za shaba. Kilikuwa nje ya mji wa Dodoma, upande wa Mkonze, na ndani zilining'inia sumaku ndogo kwenye nyuzi, kila moja na kioo kilichorusha mwanga kwenye karatasi ya picha iliyozungushwa na saa. Sumaku ya dunia ikibadilika, mwanga unasogea na karatasi inaandika mstari. Kila asubuhi niliisafisha karatasi ile, nikausoma mstari na kuandika maelezo daftarini. Hiyo ndiyo kazi niliyosomea, na niliifanya kwa majivuno ya kijana mwenye cheti.

Aliyelinda kibanda usiku alikuwa mzee mmoja wa Kirangi, kutoka milima ya Kondoa. Kwenye karatasi za ofisi mimi nilikuwa juu yake, lakini alikuwa rika la baba yangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyempa shikamoo. Sharti la kutokaribia kibanda na chuma alilishika kama alivyoshika swala zake. Badala ya mkanda alijifunga kamba ya katani. Hirizi yake aliitoa kwenye kijaluba cha bati akaishonea ngozi. Tochi hakuwa nayo kwa sababu betri zina bati, na baiskeli aliiacha dukani, mwendo wa robo saa. Alizunguka gizani na rungu tu, na fisi wa huko hawakuwa hadithi.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Sukari na sabuni zilirudi madukani, mitumba ikajaa sokoni, na serikali ikaambiwa ina wafanyakazi wengi mno. Kituo chetu kilikuwa na watu wawili. Mkuu wa idara aliniita mjini akaniambia bila kuzunguka kwamba mwezi ukiisha anataka jina moja la kupunguzwa, na sababu iwe ya maandishi. Mzee alikuwa amebakiza mwaka na ushei apate pensheni yake kamili. Mimi nilikuwa nimeoa juzi tu.

Wiki ileile mstari ukapanda. Karibu na saa sita za usiku ulikuwa umenyanyuka taratibu, ukakaa juu, kisha ukashuka taratibu. Siku mbili baadaye ukarudia. Nikaandika daftarini: "Chuma karibu na kibanda. Mlinzi aulizwe."

Nataka nieleweke vizuri: sikuandika vile kwa kutojua. Chuma kikisogezwa karibu, mstari huruka ghafla kama ngazi, na kikiondolewa huanguka vivyo hivyo. Huu ulikuwa mteremko. Chuoni tulifundishwa kwamba upepo utokao kwenye jua huisukuma sumaku ya dunia, na upande wa usiku huivuta ikawa mkia mrefu unaopita hata mwezi. Nusu moja ya mkia ule nguvu zake zinaelekea duniani, nusu nyingine zinatoka. Zikibanwa hadi zikakutana, hukatika na kuunganika upya kwa namna nyingine. Kipande cha mkia hujiviringisha na kutupwa mbali angani, na kilichobaki hurudi kwetu kwa kasi, kama mpira wa kufungia mzigo wa baiskeli unapofyatuka. Mtikiso wake hufika hadi Dodoma watu wakiwa wamelala. Karatasi za namna hiyo zilijaa makabatini mwetu, na walionitangulia waliziandikia sababu yake sahihi.

Mzee hakujua kusoma. Nilimwonyesha ile karatasi na kumwuliza alikuja na nini. Aliapa kwamba hakuwa na kitu. Nilimwacha ajitafute mwenyewe. Kesho yake alinisubiri mlangoni, macho mekundu, akaniambia amekumbuka. Alipokuwa mtoto alikanyaga sindano ya cherehani kwenye baraza la fundi nguo, ikavunjikia kisiginoni na haikutoka. Wakati wa baridi bado aliisikia.

"Mwanangu," akaniuliza, "sindano iliyo ndani ya nyama, hiyo nayo inaweza kupandisha mstari?"

Isingeweza kuusogeza hata kidogo, hata angekesha ameegemea ukuta. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu.

"Chuma ni chuma, mzee," nilimjibu.

Hakuja kazini siku iliyofuata, wala wiki ile nzima. Habari aliileta jirani yake. Mzee alikuwa amemwomba huyo jirani amchane kisigino kwa wembe, na baada ya kuchokonoa sana wakapata kipande kimoja cheusi. Kidonda kikaoza. Walipompakia kwenye pikapu kumpeleka hospitali ya misheni kule Mvumi, mguu ulikuwa umekwisha kuharibika. Madaktari waliukata chini ya goti wakaokoa uhai wake.

Usiku wa siku zile kibandani hapakuwa na mtu. Asubuhi moja baada ya habari ile nilisafisha karatasi nikaukuta mstari umepanda tena, mteremko uleule, na kwenye eneo lote hapakulala kiumbe zaidi ya mijusi. Safari hii niliandika sababu ya kweli, kwa vile sasa haikunigharimu kitu. Jina alilolitaka mkuu wa idara lilikuwa limekwisha kupatikana, na sababu ilikuwa afya. Mimi nikabaki.

Jumamosi nilikwenda Mvumi na machungwa, nimejiapiza kumweleza kila kitu. Mkewe alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya kitanda. Blanketi lilikuwa limelala bapa pale mguu ulipopaswa kuwa. Nilitoa shikamoo, na kabla sijakaa mzee akaniuliza.

"Mstari umetulia?"

Niliona aibu, tena niliogopa. Niliogopa zaidi kumwambia kwamba mguu ule umekwenda bure.

"Umetulia, mzee."

"Alhamdulillahi," akasema, akamgeukia mkewe kama mtu aliyeshinda ubishi. Kisha akanishika mkono akaniomba radhi kwa kuiharibia serikali kazi yake usiku wote ule bila kujua. Nikamwambia nimemsamehe. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo huu.

Nilipoaga, alimwamuru mkewe anipe kuku ambaye ndugu zake walimletea kwa ajili ya mchuzi wa mgonjwa. Nilikataa mara mbili, na yeye akasema nisimvunjie heshima. Kesho yake mke wangu alimpika kwa nazi, akaniuliza katoka wapi, nikajibu nimezawadiwa na mtu wa kazini. Tulimla wote, na nilishiba.