Shemeji Ameukalia Mtandao Nilioupandisha Kwa Mikono Yangu

Admin, jina langu lifiche, ingawa watu wa kwetu wakisoma kidogo tu watanijua. Ni mwanamke wa miaka 36, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili. Nilizaliwa Singida, kazi ikanileta Rungwe, kata ya Suma, nikaolewa hapahapa na Mnyakyusa. Nawaandikia kwa sababu mume wangu nimemdharau, na sijui kama hali hii ina dawa.

Kijijini kwetu simu ilikuwa ya kuangalia saa. Ripoti ya shule nilikuwa naenda kuituma Tukuyu mjini. Miaka miwili iliyopita kikundi cha mafundi kilikuja kufundisha namna ya kuvuta intaneti ya bei ndogo: dishi moja linafungwa Bulyaga, kule Tukuyu mjini, jingine kijijini, yanatazamana, kijiji kizima kinapata. Wenzangu wengi walifuata chai na mandazi. Mimi niliandika kila kitu kwenye daftari.

Shida ni kwamba hayo madishi hayataki mti wala kilima katikati, na nyumba pekee iliyokuwa inaiona Bulyaga ni ya kaka mkubwa wa mume wangu, juu kabisa kilimani. Huyu shemeji alinicheka mbele ya watu, akasema mionzi itapukutisha maua ya maparachichi yake. Alikubali alipoambiwa kwake itakuwa bure. Basi maua yakaacha kupukutika siku hiyohiyo. Nilipanda paa mwenyewe, nimevaa suruali na kitenge juu yake, mume wangu ameshika ngazi. Hakuna anayejua kuliko yeye nani alilifunga lile dishi.

Ikawaka. Muuguzi wa zahanati yetu akawa anawasiliana na daktari wa mjini akiwa na mgonjwa mbele yake. Wakulima wakawa wanajua bei ya parachichi kabla dalali hajaja kuwadanganya. Bibi mmoja alimwona mwanawe aliyeko mbali, akalia, akanishika mikono akinishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu, ndaga fijo." Nilimshukuru Mungu, nikaendelea kusahihisha madaftari.

Halafu tukasikia wageni wanakuja kuutazama mradi. Mume wangu akaniambia mke wa mtu hapendezi kuongea habari za mapaa mbele ya wageni, kaka ataongea kwa niaba ya ukoo. Nikakubali. Siku yenyewe shemeji alivaa koti la misibani, akasimama na kueleza jinsi alivyopata maono akiwa anaomba. Mgeni mmoja akamwuliza kile kiboksi cheupe ukutani kinafanya nini. Akajibu bila aibu, "Hicho ndicho kinachovuta satelaiti."

Ndugu zangu, hakuna satelaiti. Hata watoto wa darasa la tano niliowafundisha wangemrekebisha. Wageni waliitikia kwa vichwa wakaandika, na mume wangu alipiga makofi. Mimi nilikuwa nagawa ndizi na karanga.

Baada ya hapo shemeji akawa mwenyekiti wa kamati. Alimleta kijana wa Kiwira akabadilisha neno la siri, na tangu siku hiyo kupata mtandao ni mpaka umwendee umsalimie vizuri. Asiyempenda hapewi. Muuguzi alifungiwa kwa sababu alimwambia akae foleni kama wagonjwa wengine. Mtu mzima mwenye wajukuu, ananuna kwa ajili ya foleni!

Mwezi uliopita mama mmoja alianza kutokwa damu akiwa kwenye uchungu. Muuguzi alishindwa kumpata daktari wala gari la wagonjwa, akatuma mtu mbio kilimani kuomba neno la siri. Shemeji alikuwa kwenye pombe, na mkewe akasema yeye haruhusiwi kulitoa. Wakamtafuta kilabuni, naye akataka kwanza muuguzi aje mwenyewe kumwomba radhi. Ikabidi pikipiki itumwe mjini kuita gari la wagonjwa; mpaka gari linafika, mama alipona, mtoto hakupona.

Mazikoni shemeji alitoa hotuba kuhusu mapenzi ya Mungu.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mume wangu kaka yake ana hatia mbele ya yule mama. Alikuwa anakula. Akasema, "Mama watoto, usilikuze. Mtoto hata jina alikuwa hajapewa." Akaomba nimwongezee mboga. Nikamwongezea. Tangu hapo nikimwangalia naona kitu kilichovalishwa shati.

Sasa, mikaratusi iliyokuwa inaziba nyuma ya shule imekatwa. Kutoka juu ya tangi la maji la shule Bulyaga inaonekana vizuri. Mafundi wa mjini wamesema vifaa ni vya kijiji, nivihamishe. Mwalimu mkuu amekubali, na uongozi wa kijiji umeniandikia barua. Kazi imepangwa Jumamosi, na mimi ndiye nitakayepanda paa la shemeji kufungua dishi. Mume wangu amesema nikipanda, nisirudi kwake, nitakuwa nimeuvua nguo ukoo. Nikamwuliza je, wewe utakuwepo kushika ngazi?

Kupanda nitapanda, hilo sijaleta hapa mlijadili. Yule mama bado anatokwa maziwa yasiyo na mtoto wa kuyanyonya, na mimi niogope kununiwa na mtu wa satelaiti?

Ninachoomba ni hiki. Upo uhamisho ninaoweza kuuomba, nikaondoka na wanangu. Au nibaki, nimpikie, nimfulie, nilale pembeni yake nikiwa nimemdharau hivi, kwa ajili ya watoto. Ninyi mliowahi kuishiwa heshima kwa mtu mnayelala naye, ilirudi? Nishaurini, nifanye nini? Kama huwa hairudi, niambieni ukweli kabla ya Jumamosi.