Hataza ya Ndoo ya Fundi Bukuru

Siku yangu ya kwanza kazini, karakana ya wilaya Kasulu, Mhandisi wa Wilaya alinitazama toka kichwani hadi viatuni. "Binti, hapa hatuchori maua. Chora ekseli ya lile trekta." Nikachora. Hakunisifu, ila kesho yake akanipa meza. Ndivyo nilivyoanza uchoraji wa mitambo, kazi ya kuliweka gari zima kwenye karatasi kama umelikata katikati.

Miaka ya tisini, wakimbizi walipojaa Kibondo, nikahamishiwa huko. Taka za kambini, jamani! Bodi la lori liko juu, vibarua wanainua matenga kichwani, uozo unawachuruzikia shingoni. Fundi Bukuru, mchomeleaji wa Mabamba, aliudhika. Akafunga ndoo kubwa ya chuma nyuma ya lori, inapandishwa na winchi. Ikifika juu inajigonga, komeo linafyatuka, taka zinamwagika ndani; ikishuka, komeo linajifunga lenyewe. Aliharibu ndoo nyingi kabla komeo lile halijamtii.

Bosi wangu, Afisa Ujenzi, akaniambia, "Chora upesi, tumwombee hataza," yaani hati inayomzuia mwingine kuunda kitu chako bila ruhusa yako. Bukuru alitaka kuunda ndoo zile katika karakana yake mwenyewe. Bila hataza, mwenye mtaji angemmeza.

Haikuchukua muda, kampuni moja ya magari kutoka Dar es Salaam ikapinga. Ndoo ipo tangu zamani, walisema, winchi ipo, komeo lipo. Kuviunganisha ni jambo dhahiri kwa fundi yeyote, na sheria haitoi hataza kwa jambo dhahiri. Dhahiri! Wamekaa na malori miaka yote hiyo hawajaunganisha hata msumari, wakishaoneshwa ndiyo inakuwa dhahiri!

Tukaenda mbele ya msajili wa hataza. Nilieleza michoro mpaka koo likakauka, na msajili alikuwa ameanza kunielewa. Ndipo wakili wao akamgeukia Bukuru, mpole kama shemeji.

"Fundi, kazi nzuri sana hii. Ilikuwa ngumu kuibuni?"

Mungu wangu! Huku kwetu ukisifiwa unajishusha. Anayejisifu mbele za watu anaonekana hakulelewa. Nilimkanyaga mguu chini ya meza.

"Pole, dada," akaninong'oneza, akausogeza mguu wake. Kisha akainamisha kichwa. "Aa, mheshimiwa, si lolote. Fundi yeyote angeweza."

Wakili akaketi, hakuuliza tena. Msajili akasema mvumbuzi mwenyewe amekiri, tukanyimwa hataza.

Njiani nililipuka. "Umewagawia bure! Kwa nini hukusema ulivyohangaika?"

"Dada, nilikuja Mabamba mkimbizi. Watu walinipokea kwa sababu sijikwezi. Nijisifu leo, nirudi kwao na sura gani?"

Nimestaafu, na hasira haijastaafu. Vijana mnaochora kwa kompyuta, mkiulizwa kama ilikuwa ngumu, semeni ilikuwa ngumu! Adabu pelekeni ukweni.

Juzi lori la taka la kampuni ile, lenye ndoo ileile nyuma, lilikwama komeo sokoni Kasulu. Dereva akaletewa Bukuru, mzee na mashine yake ya kuchomelea.

"Mzee, utaweza kweli?" dereva akauliza. "Huu mtambo umebuniwa na wataalamu."

"Nitajaribu, mwanangu," Bukuru akajibu.

Nikaondoka pale, nisije nikamtukana mtu mzima.