Vidole vya Mwalimu Modesta

Mwanangu, kuna Jumanne moja haijanitoka kichwani mpaka leo. Nikiikumbuka hucheka peke yangu jikoni, na wajukuu wangu hutazamana wakidhani uzee umeanza kunichezea. Wala si uzee. Ni aibu ya ujanani ambayo imekaa miaka mingi mpaka imekuwa tamu, na leo, kabla hujaondoka, nataka kukusimulia, kwa sababu naona jinsi unavyobana video kwenye simu yako kwa kugusa mara moja, ukaituma, ukageukia mambo mengine. Hujiulizi anayeipokea ataifungulia kwenye chombo gani.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Jina langu ni Kabula, mtoto wa mtaa wa Nyakato, Mwanza, baba yangu alifanya kazi kiwandani hukohuko. Nilikuwa nimetoka Dar kusomea uhariri wa video, nikapata kazi kwenye studio ya Mzee Dinesh, pale mjini. Mzee Dinesh alizaliwa Mwanza, na baba yake pia alizaliwa Mwanza, na Kisukuma alikijua kuliko mimi. Mama yangu alikuwa akija studio kwa makusudi ili azungumze naye tu, mimi nikinuna pembeni. Kazi aliianza kwa kamera za filamu, akaja kwenye kanda, na kompyuta zilipofika akanunua moja akaniambia, "Hii ni yako, Kabula. Mimi nitabaki kuuliza maswali."

Nami nilijiona nina majibu yote. Ujuzi wa chuo ukiwa bado mbichi, mtu husikia raha kuutumia hata mahali ambapo haujaitwa.

Siku moja akaingia mwanamke mwembamba mwenye daftari dogo mkononi. Huyo ndiye Mwalimu Modesta. Alifundisha hesabu kwenye shule ya watoto viziwi ng'ambo ya ziwa, Sengerema, na yeye mwenyewe alikuwa kiziwi tangu utotoni. Ukimtazama usoni ukasema taratibu, aliisoma midomo yako. Yeye alijibu kwa kuandika kwenye lile daftari. Siku hiyo aliandika ukurasa mzima, akampa Mzee Dinesh.

Alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusoma chuo kwa mwaka mmoja. Lakini pale shuleni hakukuwa na mwalimu mwingine wa hesabu aliyeijua lugha ya alama vizuri. Akawaza kwamba tukimrekodi akifundisha, video zikawekwa kwenye kompyuta za shule, watoto wangeendelea na masomo mpaka arudi. Sentensi ya mwisho naikumbuka kama alivyoiandika: "Nasafiri baada ya wiki tatu. Ikishindikana, siendi."

Mzee Dinesh alisoma mara mbili, akavua miwani. "Ataenda," akaniambia. "Mrekodi."

Modesta alinyoosha kidole kwenye ukuta mweupe wa studio, kwamba tufanyie hapo. Nikakataa. Mimi nilitaka uzuri! Nikampeleka ufukweni, akasimama juu ya mawe, ziwa linameremeta nyuma yake, kitenge chake chenye maua makubwa kinapepea. Tukarekodi masomo thelathini kwa siku nne. Nikayahariri, nikayawekea muziki laini kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha ikaja kazi ya kuchagua fomati, yaani mtindo wa kubana zile video, nami nikachagua mpya kuliko zote nilizofundishwa Dar. Picha ilibaki safi, faili likawa dogo, masomo yote yakaingia kwenye sidii mbili. Nikatembea studio nzima nikizionyesha. Mzee Dinesh akauliza, "Huko shuleni wana kompyuta gani?" Nikamjibu, "Kompyuta ni kompyuta, Mzee."

Basi ikafika ile Jumanne. Nilivuka na kivuko asubuhi, nimevaa gauni langu la kanisani. Darasani nikakuta kompyuta sita kuukuu za msaada, zile za kichogo, zenye kioo kilichotuna kwa nyuma. Mwalimu mkuu alikuwa amewaalika wazazi, na watoto wamejipanga kwenye mabenchi, macho kodo. Nikaweka sidii.

Kompyuta mbili zilikataa kabisa, zikasema hazilijui faili hilo. Nne zilikubali. Modesta akatokea kwenye kioo, akainua mkono, akaganda hivyo hivyo. Tukasubiri. Akaruka ghafla, mkono ukawa upande wa pili, akaganda tena. Ile fomati mpya ilihitaji mashine yenye nguvu ya kuifungua, na zile za watu zilikuwa zinahema kama zimepanda mlima. Kilichokwenda vizuri bila kukwama ni muziki. Mwanangu, muziki ule ulipiga safi mle darasani, mbele ya watoto ambao hawasikii, na mzazi mmoja akaanza kutikisa kichwa kuufuata!

Ningekuwa na akili ningeomba radhi pale pale. Badala yake nikasema, "Kompyuta zenu ni mbovu."

Nilisahau kwamba Modesta alikuwa ananitazama mdomo. Akafungua daftari, akaandika, akanisogezea: "Ndizo tulizo nazo."

Nikarudi mjini nimefura. Sikumwambia Mzee Dinesh kilichotokea, nikajifungia kwenye chumba cha uhariri. Nilijua fomati ya zamani ambayo kila kompyuta inaielewa, ila haikubali kubanwa sana bila picha kuharibika. Lakini nilikwisha kujigamba kuwa ni sidii mbili, na sikutaka ziwe tatu. Nikaibana kwa nguvu zangu zote. Ilipogoma kuenea, nikapunguza nusu ya picha zinazopita kila sekunde, ikaenea.

Ijumaa nikavuka tena. Safari hii video zikafunguka kwenye kompyuta zote sita, nami nikashusha pumzi. Modesta hakushusha yake. Akawaashiria watoto waandike jumla aliyoitoa kwenye video, kisha akapita akikusanya madaftari. Mmoja ameandika kumi na tano, mwenzake kumi na saba, mwingine kumi na nne. Unajua, katika alama za namba, kidole kimoja tu hubadilisha hesabu. Na kwenye video yangu vidole vilikuwa vimegandamana vikawa donge, na mkono uliruka kabla jicho halijaushika.

Modesta akayapanga madaftari taratibu mezani. Akaandika: "Kesho nitawaandikia chuo kwamba siendi." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikajikuta nimemshika mikono yote miwili, kisha nikakumbuka kwamba kwake mikono ndiyo mdomo, nami nimemziba, nikamwachia haraka. Nikasema taratibu, "Nipe siku tano." Akanitazama sana. Akaandika: "Nne."

Nilifika studio nimekonda kwa siku moja. "Shikamoo, Mzee," nikasema, nikamweleza yote. Akaitikia marahaba, akavuta kiti, akasema, "Niwekee hiyo video." Akaitazama, kisha akaisimamisha.

"Mawimbi nayaona," akasema. "Maua ya kitenge nayaona. Vidole viko wapi?"

Nikamwonyesha lile donge.

"Na huu muziki, binti yangu, unampigia nani?"

Nikamwona tumbo linaanza kumtikisika. Alicheka, Mzee Dinesh, mpaka akashika meza, na mimi nilikuwa nalia, nikajikuta nacheka naye na machozi hayohayo. Lakini alipomaliza akafuta macho, sura yake ikawa nyingine.

"Umeijua kompyuta yako, Kabula. Ya kwao hujaijua wala hukutaka kuijua. Funga vifaa vyako uende Sengerema. Kazi hiyo ukaifanyie kwenye benchi la watoto, si hapa mbele ya kioo kizuri."

Kwenye kivuko nilisimama nikitazama maji, na lile somo nililolikariri Dar likaniingia kwa mara ya kwanza. Kompyuta inapobana video hutazama kilichobadilika kati ya picha moja na inayofuata. Kilichotulia haiandiki tena. Sasa mimi nilikuwa nimemsimamisha mwalimu mbele ya ziwa lisilotulia, na kitenge kinapepea, kila wimbi na kila ua likidai kuandikwa upya. Nafasi yote ikaliwa na mandhari. Vidole vikapewa makombo.

Matroni wa bweni akanipa kitanda na shuka moja la bluu lisilo na ua hata moja. Tukaligongelea ukutani darasani. Modesta akavaa blauzi nyeusi ya mikono mirefu, nikasogeza kamera karibu, kuanzia kichwani hadi kiunoni, basi. Muziki nikautupa. Picha nikaifanya ndogo kidogo kwenye kioo, ila picha zinazopita kila sekunde nikaziacha zote, mkono usiruke. Fomati ikawa ile ya zamani, nikaibana kwa adabu, na zile sidii mbili za majigambo zikawa tano. Hakuna aliyeuliza kwa nini ni tano.

Kila somo lilipokamilika tulilijaribu kwenye kompyuta ya sita, iliyokuwa dhaifu kuliko zote. Watoto walikuwa wameipa jina kwa alama, mgongo uliopinda na fimbo, yaani Bibi. Nilikaa nao kwenye benchi, magoti yakinifika kidevuni. Somo la kwanza lilipochezwa, Modesta akatoa jumla, watoto wakaandika. Daftari la kwanza, ishirini na sita. La pili, ishirini na sita. Nikayafunua yote, mwanangu, ishirini na sita mpaka mwisho! Nikaruka kwenye benchi. Watoto wakainua mikono juu, wakaitikisa hewani, vidole vyote vimekunjuka, maana hivyo ndivyo viziwi wanavyopiga makofi. Nami nikainua yangu.

Siku nne zilipoisha masomo yote yalikuwa tayari, na usingizi nilioulala baada ya hapo sijawahi kuulala tena.

Asubuhi ya safari yake, Modesta alipita darasani kuaga, begi likiwa mlangoni. Watoto walikuwa mbele ya kompyuta, wanamtazama yeye akiwafundisha kugawanya. Ndani ya lile somo alikuwa ameweka mzaha wa mbuzi anayegawana mahindi na mwenye shamba, na hapo ndipo walipofika. Darasa zima likaangua kicheko. Akasubiri mlangoni, hakuna aliyegeuka. Akanitazama, macho yamejaa, akatoa daftari akaandika: "Wamenisahau, na bado sijaondoka!" Tukashikana tukacheka kama wasichana wadogo mpaka mwalimu mkuu akaja kutuharakisha, kivuko kisimwache.

Alikwenda. Alirudi mwaka uliofuata, akakuta wamemaliza masomo yote thelathini na wanamsubiri na maswali.

Sasa nisikilize, mwanangu. Sikwambii uogope vitu vipya. Ile fomati iliyoniaibisha baadaye niliitumia miaka mingi, na kompyuta za shule zilipobadilishwa ilifanya kazi vizuri kabisa. Hakuna fomati iliyo nzuri mahali pote. Kabla hujabana chochote, jua kitafunguliwa kwenye mashine ipi, na nani atakitazama, na anatafuta nini pale ndani. Ukishajua hicho anachokitafuta, kilinde, hata kama itabidi uache uzuri wote uliokuwa umeupenda. Kajaribu kazi yako kwenye chombo kilicho dhaifu kuliko vyote, tena ukajaribu wewe mwenyewe, usitume mtu. Na mtu akikwambia haijafunguka, usimlaumu kwa chombo chake. Omba radhi, rudi kazini. Kuomba radhi mapema kungenipunguzia safari moja na machozi mengi.

Nenda salama, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako na kila inachokigusa. Akupe watu wa kukwambia ukweli huku wanacheka, na akujalie siku moja ufanye kazi nzuri kiasi kwamba watu waifurahie wakusahau wewe uliyeifanya, nawe usimame mlangoni uone raha. Amina.